NANI ALILIPA GHARAMA YA MLANGO ULIOFUNGWA?

Neno kwa waamini na kwa viongozi wa walei



Tunawaandikia juu ya mtu ambaye sote tunamjua, ila hesabu za wakubwa hazikumjua. Ni fundi wa mkono mwenye kibanda chake: mchonga vinyago wa Mombasa, msusi wa vyondo wa Machakos, mchonga mawe wa Tabaka, mshona makubazi wa Mji wa Kale. Hana mwajiri, wala yeye mwenyewe si tajiri wa kuajiri watu. Pengine ana kijana mmoja anayejifunza kazi kwake na mwingine wa kupiga msasa. Leo anakula alichouza jana, na kwa anachouza leo atanunua gogo la kesho. Watu wa namna hii wamo katika kila kigango chetu. Ndio wanaoimba kwaya, ndio wanaotengeneza mabenchi tunayokalia kanisani, ndio wanaoleta sadaka ya shilingi ishirini bila kukosa Jumapili hata moja.

Mwaka 2020 na 2021 mtu huyu aliambiwa afunge mlango wake kwa ajili ya usalama wa wote. Akafunga. Neno letu katika kijitabu hiki ni moja, nasi tunalitamka tangu mwanzo ili asiwepo wa kutuelewa vibaya: aliyefungwa mikono kwa ajili ya wote ana haki ya kulishwa na wote. Haikuwa hivyo. Fundi alifungwa mikono, kisha akadaiwa kana kwamba mikono yake ingali huru. Hiyo ilikuwa dhuluma, na dhuluma haifutwi kwa kupita kwa siku.

1. HATUPINGI KINGA

Wapo watakaosema kwamba sisi tunawabeza waganga, au kwamba tulitaka watu waachwe wafe ili biashara iendelee. Hasha. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya mwaka kwisha jumuiya zetu zilikuwa zimekwisha kuwazika wazazi, watawa na makatekista. Wauguzi walioingia wodini huku wakiogopa, na bado wakaingia, wanastahili heshima ya taifa zima. Kuwazuia watu wasisongamane lilikuwa jambo la busara, nasi tuliwahimiza waamini watii.

Kwa hiyo ugomvi wetu hauhusu kinga yenyewe. Unahusu jinsi gharama ya kinga hiyo ilivyogawanywa. Kila tendo linalofanywa kwa manufaa ya wote lina bei yake, na serikali ya haki huuliza mapema bei hiyo italipwa na nani. Swali hilo halikuulizwa. Bei ikaachwa ianguke yenyewe, nayo, kama maji, ikafuata bonde. Ikatua juu ya wale walio chini kabisa.

2. MAMBO YALIVYOKUWA

Tukumbushane kwa tarehe, maana kumbukumbu ya mnyonge husahauliwa upesi. Tarehe 15 Machi 2020 shule zilitangazwa kufungwa. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje ya nchi zilisimamishwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, asiingie mtu wala asitoke. Tarehe 6 Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale wa Mombasa kufungwa peke yake, ndani ya kaunti ambayo tayari ilikuwa imefungwa, na soko na mikahawa yake ikafungwa pia, hadi mwezi wa Juni. Mipaka ya kaunti ilifunguliwa tarehe 7 Julai, na ndege za nje zikarudi tarehe 1 Agosti. Kafyu, pamoja na mabadiliko ya saa zake, iliendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Hiyo ni karibu miezi 19.

Kwa mwenye mshahara, hizo zilikuwa tarehe za usumbufu. Kwa fundi wa vinyago wa Mombasa kila tarehe ilikata kamba moja kati ya zile zilizomshika asianguke. Ndege zilipokoma, mnunuzi alikoma. Kaunti zilipofungwa, njia ya kuleta mbao ikawa nyembamba. Shule zilipofungwa, watoto waliokuwa wakipata chakula cha mchana shuleni walirudi kula kwenye sufuria ile ile ya nyumbani ambayo ilikuwa ikizidi kuwa tupu.

Watalii waliofika Kenya mwaka 2019 walizidi milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Katika Changamwe, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kimekuwapo tangu mwaka 1963, na katika vibanda vilivyo karibu na Fort Jesus, maana ya tarakimu hizo ilionekana bila kuhitaji mtaalamu wa hesabu. Vinyago vilipangwa rafuni, navyo vikabaki hapo.

3. SIKU YA FUNDI

Wengi wa wanaotoa maamuzi hawajapata kukaa siku nzima katika kibanda cha fundi. Tuwaeleze basi siku hiyo ilikuwaje.

Fundi huyu huamka mapema kwa sababu gogo bichi huchongeka kabla jua halijalikausha na kulipasua. Kafyu ilimzuia hadi saa kumi na moja. Akitoka, matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na tofauti hiyo haikulipwa na mwenye gari wala na serikali: ililipwa na abiria katika nauli. Mara nyingi alitembea kwa miguu. Alifika kazini amechoka, kwenye kazi isiyokuwa na mnunuzi.

Hapo alifungua kibanda. Twiga, vifaru, sahani za mwembe na vijiko vya saladi vilikuwa vile vile alivyoviacha. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya mvua ya masika katika pwani yetu. Mti laini usiouzwa upesi katika unyevu ule huota ukungu, na dumuzi huingia ndani na kuutoboa. Fundi akawa anashika kitambaa na dawa ya viatu, anavisugua upya vitu alivyokwisha kuvimaliza mwezi wa Februari. Hii ilikuwa kazi isiyo na ujira wowote, iliyofanywa ili akiba yake isioze mbele ya macho yake.

Mbao mpya je? Magari ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka mipaka, hilo ni kweli. Lakini sheria ile ilimfikiria mwenye lori. Haikumfikiria anayenunua magogo mawili ya mwarobaini au ya mwembe upande wa Kwale na kuyapandisha juu ya gari la abiria. Mkubwa alipita getini kwa karatasi zake, na mdogo akarudishwa.

Ilipofika saa tisa alasiri ilimpasa kuanza kufunga, hasa kama makazi yake ni ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Nani amesahau tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu? Mamia ya watu waliokuwa wakitoka kazini, waliokuwa wakijaribu kuvuka ili waitii amri, walipigwa virungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi hapo kivukoni kabla hata saa ya kafyu haijafika. Siku tatu baadaye, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais wa wakati huo aliomba radhi kwa ukatili wa polisi. Radhi ni jambo jema. Lakini tangu siku ile fundi alijua kwamba kuchelewa robo saa kwa ajili ya mteja mmoja kunaweza kumgharimu mbavu.

Usiku ulikuwa wa simu. Ujumbe wa mwenye nyumba. Ujumbe wa mwenye kibanda. Ujumbe wa mweka hazina wa chama cha akina mama, ambaye naye alikuwa akidaiwa. Ujumbe wa kampuni ya mikopo ya simu, wenye maneno makali kuliko yote. Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aijaze kwa tarakimu anazozijua: chumba shilingi 4,000 kwa mwezi, kibanda 3,000, marejesho ya mkopo wa kikundi 500 kwa wiki. Hizo ni shilingi 9,000 kwa mwezi kabla hajanunua kibaba cha unga. Mapato ni sifuri. Kwa miezi mitatu ya kufungwa kwa kaunti peke yake, mtu huyu alilimbikiziwa deni la shilingi 27,000, naye hakuwa mlevi, wala mcheza kamari, wala mvivu. Kosa lake lilikuwa kutii.

Tusidhani kwamba fundi huyu ni mwanamume tu. Msusi wa kiondo aliye nyumbani Machakos au Kitui hakuzuiwa na kafyu kusuka, na wapo waliosema, "Yeye hakuathirika, kazi yake ni ya nyumbani." Wanaosema hivyo wanaona mikono ya kazi bila kuona soko. Mama aliendelea kusuka. Aliyekuwa akija kuchukua vyondo hakuja, au alikuja akataja bei ya kutupa kwa kuwa alijua mama hana mahali pengine pa kwenda. Mlanguzi hula vizuri wakati wa njaa.

Mwisho wa yote vilifuata vifaa. Msumeno uliuzwa, kisha patasi, kisha tezo. Mkulima aliyekula mbegu tunamhurumia, kwa kuwa tunajua hatakuwa na mavuno. Fundi aliyeuza tezo yake amekula mbegu. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake akaenda kutafuta kibarua cha siku, na ufundi ambao wachongaji wa Wamunyu waliurithishana tangu miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia ukapungukiwa mrithi mmoja.

4. MSAADA ULIPITA WAPI?

Tutajibiwa kwamba serikali ilitoa msaada. Ilitoa. Basi tuutazame msaada huo ulipita mlango upi.

Mwezi wa Aprili 2020 kodi ya mapato iliondolewa kabisa kwa wale waliopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Ni jambo jema kwa aliyekuwa bado na mshahara. Lakini asiyepata kitu, ataondolewa kodi ya kitu gani? Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi asilimia 1. Asilimia 1 ya sifuri ni sifuri, na asilimia 3 ya sifuri ni sifuri pia. Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, nayo ikarudishwa kwenye 16 tarehe 1 Januari 2021, wakati kafyu ingalipo na watalii wangali hawapo. Nafuu iliondoka kabla ya amri kuondoka.

Tarehe 23 Mei 2020 ulitangazwa mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Katika utalii, bilioni 2 zilitengwa kwa mikopo nafuu ya mahoteli na biashara zinazohusiana nayo, kwa ajili ya ukarabati na kupanga upya shughuli zao. Katika biashara ndogo, bilioni 10 zilikuwa za kuharakisha malipo ya madeni ya serikali yenyewe na marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, na bilioni 3 zilikuwa mtaji wa kudhamini mikopo inayotolewa na benki. Someni tena orodha hiyo. Nani hurejeshewa kodi hiyo? Aliyesajiliwa kuilipa. Nani hudhaminiwa benki? Mwenye vitabu vya hesabu vinavyokubaliwa na benki. Na hata huyo, alichopewa ni mkopo. Mtu aliyezama katika deni kwa amri ya serikali alipewa ruhusa ya kukopa zaidi.

Ni kweli Benki Kuu iliruhusu, tangu tarehe 18 Machi 2020, wenye mikopo ya benki wazungumze na benki zao ili muda uongezwe hadi mwaka mmoja. Tunaishukuru. Lakini fundi wetu hakukopa benki. Alikopa kikundini na kwenye simu, na wakopeshaji wa simu wasio benki hawakuwekwa chini ya Benki Kuu hadi sheria ilipopitishwa mwezi wa Desemba 2021. Mwenye deni kubwa alipewa nafasi ya kupumua, na mwenye deni dogo akakabwa.

Ni kweli pia kwamba ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu iliondolewa, kwamba fedha ziliongezwa kwa wazee na yatima, kwamba vijana waliajiriwa kufagia mitaa na kuzibua mitaro, na kwamba baadhi ya kaya maskini zilipata shilingi 1,000 kwa wiki kwa miezi kadhaa. Waliopata walisaidika. Lakini uchunguzi uliotolewa na Human Rights Watch mwezi wa Julai 2021 ulionyesha kwamba fedha hizo za kila wiki zilifikia sehemu ndogo tu ya waliozihitaji jijini Nairobi, na kwamba wengi hawakujua hata jinsi watu walivyochaguliwa. Msaada usiojulikana mlango wake huwa ni wa mwenye kujuana na mlinzi.

Na tusiambiwe kwamba fedha hazikuwapo. Mwezi wa Septemba 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za serikali alitoa taarifa maalumu juu ya ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa na KEMSA, mamlaka ya taifa ya dawa na vifaa vya tiba. Alionyesha kwamba sheria za ununuzi zilivunjwa na kwamba vifaa vilinunuliwa kwa bei za kupita kiasi, vikalundikana ghalani. Lawama zote mbili zilipatikana katika mwaka mmoja na nchi moja: mmoja alilaumiwa kwa kushindwa kulipa kodi ya chumba, mwingine kwa kununua barakoa kwa bei ya kupindukia. Wa kwanza alitolewa vyombo nje. Wa pili alialikwa mbele ya kamati.

5. MANENO YANAYOSEMWA

Yapo maneno matatu yanayorudiwa hata katika mikutano yetu ya parokia, nasi hatuwezi kuyaacha yapite.

La kwanza: "Kila mtu aliumia." Mvua ilinyesha kwa wote, ni kweli, lakini si kila mmoja analala chini ya bati. Watumishi wa umma waliokaa nyumbani walipokea mishahara yao, na ilikuwa haki wapokee. Tunauliza tu: ikiwa ilikuwa haki kumlipa aliyeambiwa na serikali asije kazini, kwa nini isiwe haki kumfidia aliyeambiwa na serikali hiyo hiyo asifungue kibanda? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini kutomjua si kibali cha kumhukumu.

La pili: "Wangeweka akiba." Neno hili huumiza zaidi kwa kuwa linasemwa na watu wa sala. Fundi alikuwa na akiba. Akiba yake ilikuwa rafuni, imechongwa na kupigwa msasa. Wewe unaweka fedha benki, yeye anaziweka katika mti, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kazi yake. Miezi ya watalii wachache huchonga ili auze miezi ya watalii wengi. Amri iliyofunga soko ilifunga pia benki yake. Aliyefungiwa ghala lake asiambiwe kwamba hakulima.

La tatu: "Yamepita, tusonge mbele." Kafyu imepita, madeni hayakupita nayo. Aliyeuza tezo mwaka 2020 hakurudishiwa siku mipaka ilipofunguliwa. Mtoto ambaye hakurudi darasani baada ya shule kufunguliwa kikamilifu mwezi wa Januari 2021 hawezi kuambiwa yamepita. Zaidi ya hayo, tauni nyingine itakuja, kwa kuwa magonjwa hayakuagana na wanadamu. Tukinyamaza leo, siku hiyo itatukuta tukiwa na sheria zile zile na fundi yule yule akiwa mlipaji.

6. HAKI INASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inaipa serikali wajibu wa kumhifadhi mtu asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Kifungu cha 40 kinadai fidia pale mali ya mtu inapochukuliwa kwa manufaa ya umma. Shamba likipitiwa na barabara, mwenye shamba hulipwa, wala hakuna anayemwambia kwamba barabara ni ya wote basi avumilie. Fundi hana shamba. Mali yake ni siku zake za kazi. Hatusemi kwamba mahakama imekwisha kuamua hivyo. Tunasema kwamba dhamiri yaweza kuamua bila kungoja mahakama: ikiwa siku hizo zilichukuliwa kwa manufaa ya wote, mantiki ya fidia ni ile ile.

Mwaka 2020 ulifikishwa katika Seneti muswada wa kukabiliana na majanga ya maradhi. Pamoja na mambo mengine, ulitaka mpangaji aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya janga aweze kumwandikia mwenye nyumba na wakapatana namna ya kulipa baadaye, asifukuzwe. Ulikuwa mwanzo mwema. Haukufikia kuwa sheria. Hakuna maandamano yaliyofanywa kwa ajili yake, wala mbunge aliyepoteza kiti kwa kuuacha ulale.

Nasi tulio katika Kanisa tuna sababu ya ziada ya kutonyamaza. Tangu waraka wa Papa Leo wa Kumi na Tatu wa mwaka 1891, mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yamesimama upande wa mtu anayeishi kwa mikono yake. Na Yule tunayemwabudu alilelewa katika nyumba ya seremala. Anayemdharau mwenye tezo na aangalie vizuri anamdharau nani.

7. TUNADAI NINI

Kulalamika peke yake ni kazi rahisi. Tunadai yafuatayo, nasi tunawaomba viongozi wa walei wayafikishe kwa wawakilishi wa wadi, wabunge na maseneta wao.

Kwanza, iwepo sheria isemayo kwamba amri yoyote ya kufunga kazi za watu kwa ajili ya afya ya umma itolewe pamoja na malipo ya kujikimu kwa wale wanaofungiwa, na malipo hayo yaishe siku amri inapoisha, wala si kabla yake.

Pili, sheria hiyo irudishe wazo la muswada wa mwaka 2020: kodi ya chumba na ya kibanda, na marejesho ya mikopo midogo, yapangwe upya kwa mapatano, na mtu asitolewe vyombo nje wakati amri ya kufunga inaendelea.

Tatu, msaada upitie milango ambayo fundi anaijua: chama chake cha ushirika, kikundi chake, ofisi ya wadi. Daftari la mafundi liandaliwe sasa, wakati wa amani. Anayeandika majina wakati wa njaa huandika ndugu zake.

Nne, majina na viwango vya misaada ya dharura visomwe hadharani katika baraza la kila wadi, na hesabu za ununuzi zifunguliwe kabla fedha hazijaisha, si baada ya kuliwa.

Tano, na hili ni letu wenyewe. Parokia yenye vyumba au vibanda vya kupangisha iandike leo jinsi itakavyowatendea wapangaji wake siku mlango utakapofungwa tena. Kila jumuiya ianzishe mfuko mdogo wa vifaa, ili asiwepo fundi wa kuuza tezo yake kwa sababu ya unga. Tena tununue kwao. Parokia inayoagiza sanamu ya plastiki kutoka ng'ambo, huku mchongaji anapiga magoti benchi la nyuma, isije ikahubiri juu ya kuwasaidia maskini. Na tukinunua, tulipe siku hiyo hiyo. Fundi hali ahadi.

8. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyefunga kazi yake ya mkono mwaka 2020 na hakuifungua tena? Yuko wapi leo, na nani alimtembelea?

2. Ni msaada gani uliofika mtaani kwetu, na waliopata walichaguliwa na nani?

3. Je, parokia yetu au mmoja wetu alikuwa mwenye nyumba wakati ule? Wapangaji walitendewaje?

4. Mwakilishi wa wadi yetu ana msimamo gani juu ya sheria ya kuwalinda wanaofungiwa kazi? Nani atakwenda kumwuliza, na lini?

5. Ni kitu gani kinachotumika kanisani kwetu ambacho kingeweza kutengenezwa na fundi wa hapa hapa?

Majibu ya maswali haya yaandikwe na yaletwe katika mkutano wa halmashauri ya walei. Swali la nne lisijibiwe kwa maneno "tutaona." Liandikiwe jina la mtu na tarehe.